Mbao Mabegani mwa Nancy

S.L.P. 417,
Bariadi, Simiyu.
4 Agosti 2024

Mpendwa dada Nancy,

Mwangaluka, dada. Unaendeleaje na kazi ya wodini, na kifua chako kinaipokeaje hewa ya huko? Sisi ni wazima. Bibi asubuhi anatembea bila fimbo, jioni anaitafuta. Pamba imeshatoka shambani, na nyumba nzima bado inakohoa vumbi lake.

Barua hii naipitisha kwa Sista Wilhelmina anayekuja Austria. Kwenye simu nimeianza mara nne na kuifuta mara nne.

Uliniuliza kwa nini baba yako alikupigia akikuamuru urudi nyumbani, tena kwa sauti ya kulia. Ukauliza umemkosea nini. Hujamkosea. Mimi ndiye niliyekukosea.

Ile video ya Julai uliyonitumia niliitazama peke yangu kwanza, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwenu ni majira ya joto, bonde la kijani, ng'ombe wana kengele shingoni, nanyi mnapanda kwa miguu nusu siku, mbao mbili mbili za kutelezea mabegani, kuifuata theluji iliyobaki kule juu. Halafu mnazivaa miguuni na kushuka kwa dakika chache. Ulikuwa unacheka.

Mimi ndiye niliyesoma jiografia, Nancy. Kila mwaka nauchora mto wa barafu ubaoni, naujaza chaki nyeupe, na mwanafunzi mmoja lazima aulize ukiukanyaga unatoa sauti gani. Namwambia tuendelee. Wewe uliyekuwa ukinakili ramani zangu ndiye unayeukanyaga. Jambo hilo lilinichoma kama mwiba wa sato.

Nikaenda kijijini Ipililo kumwonyesha Bibi. Baba mkubwa Masalu, baba yako, naye alikuwepo. Bibi akaisogeza simu karibu na pua.

"Huyu Nancy amebeba nini?"

"Mbao, Bibi."

"Za nani?"

"Za Wazungu. Wanazipandisha mlimani."

"Lori hawana?"

"Lori halifiki kule."

Kila neno lilikaa jirani na ukweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Video niliikata kabla hujaanza kuteleza. Nilitaka wakuonee huruma jioni moja tu, badala ya kunitajia jina lako kila ninapokaa.

Sikujua Bibi angeacha kula. Kesho yake ukoo ulikaa kikao. Ndama jike wa Bibi akatengwa auzwe, upate nauli. "Mwanangu hakwenda kule kuwa punda," baba mkubwa alisema. Mmoja akasema labda hata hiyo hospitali yako haipo. Nilikuwa nimekaa palepale mkekani, nikanyamaza. Ndipo baba yako alipokupigia.

Jana nilirudi Ipililo, nikampigia Bibi magoti, nikamwonyesha video mpaka mwisho. Alipokuona unashuka alishika mdomo.

"Kumbe anacheza!" Akacheka mpaka machozi. "Apande mlima wote huo ili ateleze arudi alikotoka? Huyu mtoto ana akili kweli?"

Kisha kicheko kikakatika. "Ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

Nilingoja matusi. Badala yake akauliza, "Na wewe ulitaka kwenda, ng'wanone, mwanangu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema ndiyo.

"Si ungesema," akanijibu.

Baba mkubwa hasemi nami, na ana haki. Najua atakuwa amekupigia tena kukueleza ukweli kabla barua hii haijafika. Usirudi. Baki na kazi yako na milima yako.

Mwishoni mwa video uliandika, "Ungekuwepo, Generoza." Sikukujibu kwa sababu niliyaona maneno hayo kama majivuno. Kama uliyasema kwa moyo, basi nakwambia wewe nilichomwambia Bibi: nataka kuja. Ukiona sistahili, niandikie hivyo wazi, nitapokea. Lakini sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Upo, hata sasa ninapoandika umekaa nami mezani.

Mama anakusalimu, na mjomba Joakim, na Mektilda aliyejifungua salama mtoto wa kike. Bibi anakuombea Mungu akushike mkono unapopanda, na anasema akushike zaidi unaposhuka.

Mdogo wako akupendaye na kukuonea wivu,
Generoza