Mwiko wa Mama Mkwe Umegeuka Mwekundu

Mama Hermelinda wa redio, shikamoo, nakuomba unishike mkono maana sina wa kumuuliza. Nina mtoto mmoja, Wilmar, wa miaka miwili, nywele zake hazijawahi kuguswa na mkasi, Jumapili ya wiki ijayo ndugu watakuja kuzikata kwa mara ya kwanza na kila anayekata hupewa pombe ya mahindi, na mpishi ni mimi, sijawahi kuipika peke yangu, ikiharibika watasema mtoto ana mama asiyejua kitu. Sasa mama mkwe wangu, Bi Eusebia, ambaye tangu niolewe hajanisifu hata uji, ghafla amenichongea mwiko mpya wa kukorogea, wa mti wa aliso wa kule mtoni, akauleta na ndoo ya machicha ya pombe yake. Akasema, "Anza na haya, mkamwana." Nikajua ananitukana, eti mimi wa kula makapi, nikawamwagia nguruwe. Mwiko ulikuwa mweupe, asubuhi nikaukuta mwekundu kama umechinjiwa kuku. Jirani yangu Casilda, naye anauza pombe, akacheka: "Shoga, huo si mwiko, huyo ni mchawi mwenye mpini. Chukua wangu wa mkaratusi, unuse unavyonukia." Mama, mkwe wangu ananitakia nini, na nikoroge na upi? Nataka tu siku ya mwanangu iende vizuri.

Mama Wilmar, Urubamba

Marahaba, Mama Wilmar. Pole kwa hofu, ingawa nyingine umejipikia mwenyewe. Aliso ukichongwa mbichi hugeuka mwekundu, hata wangu uligeuka. Na ukiwa mpya una ukakasi, ndiyo maana hulazwa siku mbili ndani ya machicha kabla haujagusa kimea. Bi Eusebia hakukuambia kula. Alikuambia anza. Kosa lake ni kusema maneno manne pale palipotaka kumi, lakini mwanamke hagawi machicha ya chungu chake kwa mtu asiyemtaka jikoni.

Wasiwasi wako upeleke kwingine. Chemsha kibanzi cha mkaratusi uonje maji yake, utadhani unatibiwa kifua. Muuza pombe hajui hilo? Muulize Casilda yeye hukorogea mti gani, kisha mrudishie mwiko wake, mkiwa mlangoni.

Leo hii nenda kwa mama mkwe na ndoo tupu. Usijieleze sana. Sema, "Mama, nguruwe walinitangulia." Atakufokea, vumilia, ndoo itarudi imejaa. Na Jumapili, kabla ya mkasi, bakuli la kwanza mpe yeye, usimame hapo hapo umtazame usoni akionja.