Nakshi ya Mkeka Kwenye Chungu

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile, umelalaje? Huku Ipyana tumeamka, ila magoti yangu yalichelewa kuamka. Mama yako yuko Busale anapandikiza mpunga. Kokoa tuliianika, mvua ikailoanisha, tumeianika tena.

Uliniuliza kwenye simu ujiite nani huko Mwanza, maana unachora, unashona, unapiga picha, na kila kundi linakuona wa kundi lingine. Mimi bibi yako nimechoka, mama, lakini hilo nalijua.

Nilipokuwa binti nilifinyanga vyungu na kusuka mikeka. Sokoni Lyulilo, kando ya ziwa, wafinyanzi walikuwa na mstari wao, wasuka mikeka na wao. Nikienda huku naambiwa, "Wewe ni wa mikeka." Nikienda kule, "Rudi kwenye vyungu vyako." Basi nikawa nauzia peke yangu juani, karibu na mitumbwi.

Siku moja nilitoka kusuka nikashika chungu kibichi, na mkono wangu uliochoka ukachora nakshi ya mkeka. Wafinyanzi walinicheka sana. Nikaendelea kuichora hivyo hivyo, mpaka vidole vikakataa kazi.

Juzi nilipita Lyulilo nikaiona nakshi ileile kwenye chungu, katikati ya mstari wa wafinyanzi. Nikamuuliza binti muuzaji ameitoa wapi.

"Ah, bibi, hii ndiyo nakshi yetu wafinyanzi tangu zamani."

Nilikinunua hicho chungu, nakutumia uweke brashi zako. Jina la kazi yangu sijapewa hadi leo.

Ni mimi bibi yako.