Picha za Kulia za Jumatano

Jumatano, 1 Agosti 1973

Tena leo! Sikuzani karudi kutoka mjini macho mekundu kama pilipili. Nikamuuliza. Ati vumbi, baba mdogo. Vumbi! Mimi niliyekula vumbi la Burma, nisijue vumbi? Vumbi huingia jicho moja. Hili lake linaingia yote mawili, na linachagua Jumatano.

Mtoto huyu si mtu wa kulia. Baba yake, marehemu kaka Mahona, alipozikwa, yeye alikuwa mdogo tu. Alikaa mkekani kimya, watu wakamsifu, wakasema ana moyo wa babu. Babu yetu huyo alibeba pembe ya ndovu toka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo kwa bega moja, bila kubadilisha. Wengine husema walibeba wawili. Waongo.

Kuna jambo. Nitalijua.

Alhamisi, 2 Agosti

Mke wangu hataki nichunguze. Nikamkumbusha kuwa mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Chemchem, kuchunguza ndiyo kazi niliyopewa na chama. Akanijibu: basi chunguza hizo tisa, hii ya kumi niachie mimi.

Hajui uzito wa mambo. Watu wa Bukene wameleta neno — Jumapili ya tarehe 26 wanakuja kuchukua jibu la posa. Masele, kijana wao, ni mtu safi. Ana kazi ya reli, hanywi, na anacheka hadithi zangu pale pale pa kuchekea. Nusu ya neno nimeshawapa. Sasa kama mjini kuna mwanaume mwingine? Walii wa Sikuzani, wa kumwozesha, ni mimi. Aibu itakuja kukaa kwenye kiti changu.

Jumamosi, 4 Agosti

Nimepeleka asali dukani kwa Mzee Kanji, yule mwenye jumba la sinema. Nikaanza kwa mbali, kama mwindaji. Bei ya nta, ukosefu wa sukari. Kisha nikamuuliza Jumatano mchana anafanya biashara gani.

Onyesho la wanawake peke yao, akasema. Mwanaume haingii. Wanakaa, wanalia, wanakwenda zao.

Nikauliza, wanamlilia nani? Nani kafa?

Hakuna aliyekufa, ndugu balozi. Picha tu.

Ati bintiye Jasoda ndiye anayeandika Dar kuagiza picha, na siku hizi anaagiza za huzuni tu, maana wanawake wamekataa nyingine. Zinaletwa na treni. Nani duniani anaagiza huzuni kwa treni, kama gunia la viazi? Huzuni huja yenyewe!

Na baya zaidi — picha zenyewe ni za kuchorwa, na zimetoka Japani. Japani! Nikamwambia Kanji, Wajapani nawajua, nimepigana nao. Akasema, si ulikuwa mpishi? Nikamjibu kwamba sufuria la jeshi nalo ni silaha.

Adui aliyeshindwa kwa bunduki hurudi kwa njia nyingine. Nalifikiria hili sana.

Jumatano, 8 Agosti

Sitaki kuandika ya leo, lakini acha niandike kabla watu hawajayaongezea chumvi.

Nilisimama uchochoroni nyuma ya sinema. Nikaweka sikio ukutani. Ndani, kilio! Si cha mmoja, cha ukumbi mzima, kile cha chini chini cha watu waliokwisha choka kulia. Hakuna picha inayoweza kufanya hivyo. Nikajua Kanji kanidanganya, mle ndani mna maiti.

Mara akapita Mfaume, fundi baiskeli. Akasikia, akavua kofia. Akauliza, nani tena? Nikasema bado sijajua, lakini kwa kilio hiki ni mtu mzito.

Basi. Nilisema hivyo tu! Watu kutoka kuswali alasiri, uwanja wa Kanji umejaa. Mikeka. Vijana na kuni. Wanawake wamejifunga khanga viunoni. Kanji akatoka na kikombe cha chai mkononi, akauliza nani kafa. Mtu mmoja nyuma akasema: wewe.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumpa pole.

Nimesema na narudia, tahadhari si kosa.

Alhamisi, 9 Agosti

Mtaa mzima wananiita Balozi wa Msiba. Mke wangu kacheka mpaka kashika ukuta.

Sikuzani naye kacheka. Nikaona hapo hapo nafasi. Nikamwita, nikasema mwanangu, niambie, hiyo picha ina nini?

Ina msichana, akasema. Anaishi kwenye stesheni ndogo ya reli, mahali pa baridi. Mama yake alipanda treni, hakurudi. Kila Jumatano wanaonyeshwa kipande kimoja. Treni inafika, anashuka mtu mwingine. Msichana anampa chai. Yule mtu anakwenda zake. Msichana anafuta benchi.

Halafu?

Basi, baba mdogo.

Hakuna anayekufa? Hakuna. Anapigwa? Hapigwi, kila mtu anampenda. Sasa mnalilia nini?

Akafikiri. Akasema: anavyofuta lile benchi.

Sikuelewa. Mtu mzima na akili zangu, sikuelewa. Mwanaume hayumo, hilo naanza kuliamini. Lakini moyo wangu haukutulia, umezidi kuchachamaa.

Jumatano, 15 Agosti

Leo nimekagua. Nilivaa suti ya chuoleni, ile ya kola ya Kichina, na beji ya chama, Kanji hakuthubutu kunizuia. Akanipandisha kwenye chumba cha mashine, kwa Kurban anayezungusha mikanda. Kitundu kidogo, jicho moja tu linaenea.

Kweli, michoro. Theluji inaanguka polepole, imechorwa, lakini niliona baridi. Jasoda amesimama pembeni anatafsiri kwa Kiswahili. Watu wanashuka kwenye treni wanamuuliza yule msichana. Umeshiba? Ndiyo. Huna baridi? Sina. Umefurahi hapa? Ndiyo. Anaitikia kila kitu! Na hakuna anayegundua kuwa anaitikia kabla hajasikia.

Nikaacha picha, nikamtafuta mwanangu. Mstari wa tatu, karibu na Fatmabai mke wa fundi saa. Wenzake wamejifunika khanga wanatikisika. Yeye kakaa wima, mikono mapajani. Machozi yanateremka, hayafuti. Kama mtu aliyefika kwake.

Kurban akaniuliza, mzee, na wewe? Nikasema hiyo taa ya mashine yako inatoa moshi.

Jumapili, 19 Agosti

Nimemuuliza: Masele unamwonaje?

Ndiyo, baba mdogo.

Sikuuliza ndiyo! Nimeuliza unamwonaje.

Ni mtu mzuri. Kama mmeridhika, nami nimeridhika.

Jibu zuri, la mtoto aliyelelewa. Nyumba hii nimeilea mimi. Lakini tangu nitazame kwenye kile kitundu, siamini "ndiyo" ya mtu yeyote. Asubuhi nilimuuliza chai ina sukari ya kutosha. Ndiyo. Na sukari hatuna tangu Ijumaa!

Jumatano, 22 Agosti

Mkanda haukuja. Treni imeleta picha ya Kihindi ya ngumi na nyimbo. Jasoda anasema huenda Dar hawana kipande kingine, na huenda hakuna mwisho kabisa. Ameandika atafutiwe nyingine ya namna ile. Nikamwambia angenipa mimi kazi hiyo, Dar nina watu, mkanda ungekuwa umeshafika.

Sikuzani karudi macho makavu, mnyonge. Akaniuliza — yeye, aniulize mimi! — kama najua hadithi yoyote ya huzuni.

Nikampa ile ya Burma, nilivyokimbiza Wajapani sita na mwiko. Akasema hiyo ya kuchekesha, baba mdogo.

Basi nikamwambia nyingine. Sijui ilitoka wapi, sijaisimulia barazani hata siku moja. Siku moja nilipika uji wa kikosi kizima. Walikwenda ng'ambo ya mto alfajiri, warudi kula. Jua likapanda. Nikaendelea kukoroga usigande. Koplo akapita, akaniambia Wenceslaus acha, hapana, nakosea, Wenceslaus alikuwa mmoja wa waliovuka, rafiki yangu, mtu wa Bukene. Koplo alisema: mpishi, acha. Mimi nikasema utaganda.

Sikuzani hakulia. Kisha akasema: hiyo ndiyo.

Akaondoka kwenda kulala. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa.

Jumapili, 26 Agosti

Naandika haraka, nimejifungia chumbani. Wako sebuleni. Wazee wanne wa Bukene, na Masele mwenyewe, kanzu imepigwa pasi. Nimewaambia nafuata ugoro.

Mambo yalikwenda vizuri. Salamu, utani, wakatuita sisi watu wa mjini wapiga soga, nikawapa ile ya pembe ya ndovu, Masele akacheka pa kuchekea. Kisha mshenga akataka binti aitwe. Sikuzani akaja, akapiga magoti, shikamooni. Mshenga akaanza kwa taratibu: mwanangu, hawa wageni unaowaona hapa —

Sikuzani akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Swali halijaisha!

Wote wakafurahi. Shangazi zake wakapiga vigelegele. Adabu iliyoje, wanasema. Ameitikia kabla hajaulizwa!

Nikasema subirini. Nikaona Masele ananitazama. Hacheki.

Sasa mshenga anakohoa. Mmoja anauliza kwa sauti, huyo balozi ugoro kaufuata Kigoma? Nikitoka na kusema hapana, nimevunja neno langu mbele ya Bukene nzima, na sababu yenyewe nitaielezaje? Ati benchi? Na nikisema ndiyo, sote tutakula, tutacheka, watampandisha treni.

Huyu Sikuzani nitamwita peke yake, jikoni. Nitamuuliza tena. Na safari hii sitaulizia jambo la ndiyo wala hapana.

Mke wangu kafungua mlango. Kashika upawa. Ati wali unapoa, nipakue?

Nimemwambia asipakue.