Usiku wa Ijumaa Ni Lini?

Jumatano. Pangani, Kibaha. Jua la leo limechoma hadi utosi, na mimi nimeshinda na hasira tangu chai ya asubuhi.

Naandika hapa kwa sababu kule ninakotakiwa kuandika wamefunga mjadala. "Imefungwa." Neno moja, na kialama cha kijani pembeni, kama vile kuna jema limetendeka.

Nianze mwanzo, maana nikikasirika huwa narukaruka. Mwaka jana niliweka kwenye simu programu ya wafugaji wa kuku, ile inayokukumbusha siku za chanjo. Ni programu huria. Haiuzwi, wanaoitengeneza wanajitolea, wametawanyika nchi mbalimbali, na yeyote akiona kasoro anaruhusiwa kupendekeza marekebisho. Wana ukurasa mzima unaoitwa "Wageni Karibuni". Si lazima ujue kompyuta sana, wanasema. Tafsiri. Jaribu. Ripoti kosa. Uliza, hakuna swali la kijinga.

Mimi ni karani wa masijala, kazi yangu ni mafaili. Niliposoma ukurasa ule nilijiona nimeitwa kwa jina.

Basi nikawa natafsiri maneno ya kwenye vitufe saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kwa mama ntilie. Kila nilichotuma kilijibiwa na mashine: "Asante, mgeni! Tunafurahi uko nasi." Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilimwonyesha hadi mlinzi wa getini.

Programu hiyo nikampelekea Bi Mwanahawa wa Kibuta, kule Kisarawe. Huyu ndiye aliyeniuzia kuku wangu wa kwanza, na kuku anawajua kuliko mimi na hao wajuaji wote. Alikuwa hataki. Alisema kalenda yake iko ukutani na haiishi chaji. Nikambembeleza mpaka akakubali, nikamwekea kwenye simu mimi mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Chanjo ya kuku huchanganywa kwenye maji ya kunywa. Usiku unaotangulia unawaondolea maji, ili asubuhi wawe na kiu wayamalize yote. Chanjo ya Kibuta ilikuwa Jumamosi, siku bwana mifugo anapopita, kwa sababu chupa moja inatosha nyumba kadhaa na majirani wanasubiriana. Simu ikamwambia Bi Mwanahawa: "Ondoa maji: Usiku wa Ijumaa."

Akayaondoa Alhamisi magharibi.

Ijumaa akangoja bwana mifugo, akidhani safari hii siku imesogezwa. Hakuja. Akasema labda yuko njiani, nikiwapa maji sasa hivi chanjo itakuwa kazi bure. Jua lenyewe mnalijua. Kufika alasiri alikuwa anaokota vifaranga na kuviweka kwenye beseni. Ishirini na sita.

Nilipofika kumpa pole, nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya msibani. Nikamuuliza, kwa upole niliodhani ni upole, kwa nini aliondoa maji siku moja mapema. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili.

"Mapema vipi, mwanangu? Usiku wa Ijumaa si ndiyo unaingia Alhamisi jua likizama? Sisi dua ya usiku wa Ijumaa tunasoma lini?"

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu usiku wa Ijumaa ni Ijumaa hiyo hiyo, giza likiingia. Miaka kumi na moja nimeishi Mkoa wa Pwani, kila Alhamisi jioni nasikia majirani wakisoma, na hata siku moja sijauliza kwa nini.

Nikarudi nyumbani nikafanya walichosema wageni wafanye. Nikaripoti kosa. Nikapendekeza tuandike "Usiku wa kuamkia Jumamosi", kama redio zinavyosema, hapo hakuna mtu wa bara wala wa pwani atakayepotea.

Akajibu msimamizi wa Kiswahili, mmoja anayejiita Msanifu. Hata salamu hakuna. Ati tunatumia Kiswahili sanifu, si lahaja za vijijini. Ati niweke picha ya skrini inayoonyesha kosa. Kha! Kosa haliko kwenye skrini, ndugu yangu, liko kwenye beseni Kibuta. Nikaeleza tena, kwa adabu, aya tatu. Leo asubuhi akamaliza: kitufe kinabeba herufi ishirini, nafasi zikihesabiwa, mimi nimeweka ishirini na tano. "Tano zimezidi. Imefungwa." Na chini yake mashine ikanipongeza: "Asante, mgeni!"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wamejifungia na ugonjwa wao ndani.

Kinachoniuma ni kwamba Jumamosi hii ni chanjo ya pili. Bi Mwanahawa nina namba yake. Lakini akina mama wa kijiji cha Janga walioichukua programu mwezi uliopita, na wengine huko nisikokujua, nani atawapigia? Kesho ni Alhamisi. Magharibi kuna watu wataondoa maji.

Kuna jambo sijaliandika bado. Nimelizunguka tangu mwanzo.

Programu huria haisahau. Ukibonyeza sentensi yoyote unaona nani aliiandika na lini. Leo mchana nilibonyeza "Usiku wa Ijumaa" ili nipate mtu wa kumtukana vizuri. Jina langu. Nilikuwa nimeandika mimi, saa ya chakula, nikiwa na haraka, kwa sababu "usiku wa kuamkia Jumamosi" niliijua lakini haikuenea. Na Msanifu ndiye aliyeipitisha, kwa hiyo tuko wawili, lakini mkono ni wangu.

Bi Mwanahawa alikuwa anailaumu simu. Nikamwacha ailaumu simu.

Saa kumi nikampigia. Nikamwambia yote, mpaka herufi tano. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

Nikasema ni mimi, Bibi. Nikalia, na sikulia kwa heshima. Akaniacha nilie, kisha akauliza hicho kitufe kina nafasi gani. Nikamwambia ishirini.

"Sasa hilo neno 'usiku' la nini? Sema 'Kuamkia Jumamosi'. Nani duniani anaamkia mchana?"

Nikahesabu kwa vidole. Kumi na sita.

Loh! Wiki nzima nimegombana na msomi, na mama ambaye hata akaunti hana kanimalizia kazi katika pumzi moja. Nikatuma papo hapo. Palipoandikwa "Mchangiaji" nikaandika Mwanahawa wa Kibuta. Palipoandikwa "Sababu" nikaandika: vifaranga ishirini na sita, kosa langu.

Msanifu akapitisha ndani ya dakika kumi. "Fupi. Safi." Kuhusu vifaranga, hata nukta. Kama kesho simu za Janga zitapata maneno mapya kabla ya magharibi ni kwa bahati, si kwa wema wake, na huyo mtu sitamwamkia hata tukikutana peponi.

Mashine nayo ikatoa salamu zake: "Hongera kwa mchango wako wa kwanza, Mwanahawa! Karibu, mgeni!"

Nilimpigia tena kumsomea. Hakucheka. Alisema yeye si mgeni popote, kuku kaanza kufuga kabla sijazaliwa. Kisha akaniambia nisilete pole tena, pole alizonazo zinatosha. Jumamosi alfajiri niwe Kibuta na ndoo yangu, kisima kiko mbali, na vifaranga vilivyobaki nitavinywesha mimi.

Nimeomba ruhusa kazini. Ndoo iko mlangoni.