Moyo ya Kavira

Butembo, siku ya ine

Niko na wivu, tena na pacha yangu Kavira.

Alipanda huku kutoka Beni sababu ya maumivu ya kifua, nikamupeleka ku hospitali. Munganga akapitisha kale kamashini yake ya kuonyesha ndani ku kifua, akaita benzake.

"Moyo yake iko kuume," akaniambia. "Hii hapana ugonjwa. Mapacha bengine bako vile, kama mutu na kioo: yako kushoto, yake kuume. Maumivu, ni misuli tu, itapona."

Banganga bote bakakuya kumuangalia. Lakini njo mimi mwalimu wa biolojia. Kila mwaka nachora mutu ku ubao: inje pande mbili zinafanana, ndani moyo inaenda kushoto. Hakuna mutu aliniuliza kitu.

Ku nyumba mama akasema, "Kavira, Mungu alikuumba wa pekee." Na mimi, donc?

Jioni Kavira akanikumbatia, akalia. "Yaya," njo vile ananiitaka sababu nilimutangulia kuzaliwa, "niliogopa kufa." Moyo yake ya kuume ikagonga sawasawa juu ya yangu. Na mutu mwingine moyo yangu haikutanake vile, sababu zote mbili ziko kushoto.

Nikamupangusa machozi. Hata pale, nilikuwa ningali naitaka ile moyo ya kuume ikuwe yangu.