Marlena Alisema Alichemsha Maji

S.L.P. 318,
Saskatoon.
4 Machi 2019

Mpendwa Kaka Ovide,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuondoka. Hujambo? Bado unakwenda kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki huko ulikohamia? Na ule mkono wa kuchomwa sindano, umeacha kuvimba? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Usiseme ni unene, nimeshakusikia mara za kutosha.

Dereva wa lori kutoka kijijini alinipitishia samaki wa moshi wa dada Rosalie. Nusu wameliwa na wanafunzi hapa ofisini, nusu nakutumia pamoja na barua hii. Najua umekatazwa chumvi. Kula kidogo, na usinitaje kwa muuguzi wako.

Kaka, nimechoka. Huu ni mwaka wa kumi na moja nazunguka vijiji vyetu vya kaskazini kuwashawishi vijana waje kusomea uuguzi na udaktari. Nawatafutia vyumba, nawapokea kituo cha basi, nakaa nao wakilia kwa kukumbuka kwao. Kila mwaka chuo hunishukuru kwa hotuba nzuri, kisha vijana wangu huanguka pale pale, kwenye mahojiano. Unaingia chumbani, watu watano wamekukodolea macho, wanataka uwaeleze jinsi ulivyo hodari. Sisi hao, ambao tangu utotoni mtu akijisifia neno moja nyumba nzima humcheka mpaka anyamaze.

Safari hii alikuwa Marlena, wa marehemu dada yetu Agathe. Kwa alama za darasani hajawahi kutokea wa kumfikia kati ya wote niliowaleta. Niliruhusiwa kuketi nyuma yake, ila nisifungue mdomo. Wakamuuliza ni lini aliwahi kumhudumia mgonjwa. Akanyamaza kama tunavyonyamaza sisi, analipima neno kwanza. Mmoja wao akaanza kutazama saa. Mwishowe Marlena akasema, "Mjomba wangu aliugua wakati wa dhoruba. Mama mkubwa Rosalie ni mkunga, yeye ndiye anayejua mambo hayo."

Wakamuuliza, na wewe ulifanya nini?

"Mimi nilichemsha maji."

Nusura nipige kelele. Wewe unajua kwamba siku ile Rosalie alikuwa amekwama ng'ambo ya ziwa. Zahanati ilikuwa imefungwa, muuguzi yuko mjini, na ndege haikutua siku mbili. Sukari yako ilishuka mpaka ukawa humjui mtu, na ni huyo msichana wa miaka kumi na tisa aliyekulaza ubavu, akakupaka sharubati ndani ya shavu, akakuchoma kidole kila robo saa huku akimsomea daktari tarakimu kwenye simu. Maji alichemsha, ni kweli. Yalikuwa ya chai yako ulipozinduka.

Wiki iliyopita majibu yakaja. Hakupata. Wameandika kwamba hajiamini na hana uzoefu na wagonjwa. Niliisoma karatasi ile nimesimama, nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena.

Kuna rufaa. Atahojiwa mara ya pili, na wanapokea barua moja ya shahidi asiye mfanyakazi wa chuo. Nikamwambia Marlena tukae tufanye mazoezi, ajizoeze kusema mimi nilifanya hiki, mimi nilifanya kile. Wengi nimewafundisha hivyo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza hata mara moja, kisha akaniuliza, "Mama mdogo, nikizoea kusema hivyo, nyumbani nani atakubali nimguse?"

Niliinuka nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, na yeye hajui. Akijua ataninunia mpaka barafu iyeyuke, na aninunie tu. Najua utaona haya kumsifu mtoto wa nyumbani mbele ya wageni. Usimsifu. Andika ulichokiona ulipofumbua macho, nani alikuwepo na nani hakuwepo, basi. Kama mkono unatetemeka, mwambie wifi Eugénie aandike, wewe utie sahihi. Ifike kabla ya tarehe ishirini na mbili. Marlena amesema akikosa tena atashika kazi ya dukani na hatajaribu mara nyingine, na safari hii mimi sitakuwa na nguvu ya kumbembeleza.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na umri wake, katika chumba kama kile, nilijisifu. Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo wiki nzima, nikasema vizuri ajabu, na nikachukuliwa. Miaka minne nikaendelea kusema vile vile, kwa sababu ndivyo walivyotaka kusikia. Niliporudi kijijini na sare yangu ya uuguzi watu walinipokea vizuri, wakanipa chai, wakaniuliza habari za mjini. Lakini mama yetu alipotoka kidonda mguuni alikifunika kwa soksi kila nilipoingia. Akamngoja Rosalie arudi kutoka kambi ya uvuvi, siku tisa.

Mnadhani nilihamishiwa huku ofisini. Niliomba mwenyewe.

Nisalimie wifi Eugénie na wajukuu wote, na yule mzee Cyprien anayekuibia kwenye karata. Rosalie anakusalimu, na Marlena pia, ingawa hajui kama nakuandikia. Muumba akushike mkono siku za mashine na siku za kupumzika, na akupe kuiona barafu ya ziwa letu ikivunjika tena kwa macho yako.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Celestine