Mbao za Tata kwenye Mlango Wako

Kaka yangu mpendwa,

Ujumbe wako wa simu nimeusoma hapa karakana ya baba yetu, Tata, Rwamishenye, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Unasema mwezi ujao unasimikwa kuongoza usharika mpya huko Kimwani, wageni ni wengi, na mlango mkuu wa kanisa bado ni shimo tu. Unaniomba nije nisimike fremu. Umeandika "dada yangu kipenzi". Hongera, umekumbuka kwamba una dada.

Unakumbuka Tata alivyokuwa akisimika fremu? Aliisimamisha, akaibana kwa kabari, akaning'iniza timazi, halafu akamwita mwenye nyumba aje ashike mguu mmoja wa fremu kwa mkono wake mwenyewe. Mafundi wenzake walimcheka. Hakujali. Mwenye nyumba asiposhika, yeye hapigi hata msumari. Sisi alitufanyisha mazoezi tukiwa wadogo, wewe upande huu, mimi ule. Mkono wako ulichoka upesi. "Kaza, mwana wange," alikuambia, "nyumba ni yako." Ukaachia, fremu ikamwangukia begani. Yeye akacheka. Mimi ningekuzaba kofi.

Uliposimikwa mara ya kwanza, kule Muleba, aliniuliza wangekufanya nini. Nikamweleza: askofu atakuwekea mikono, kwaya itaimba, basi. "Asubuhi moja tu?" akashangaa. "Mbona mimi naacha kabari mpaka ukuta ukauke?" Kisha akavaa koti lake la harusi, akaketi benchi la nyuma kabisa, kwa sababu kanisa lilikuwa limemtenga. Mama alipofariki alimleta Ma Koku nyumbani bila ndoa ya kanisani. Siku ya mwanawe hakuisogelea meza ya Bwana. Alikutazama tu, machozi ya furaha yakimtiririka, mzee wa watu.

Halafu akafa. Nilikupigia mimi. Ukasema pole, kisha ukasema, "Alikuwa ametengwa, dada. Siwezi kuvunja utaratibu kwa sababu ni baba yangu." Ulikuja Kibeta mazikoni bila kola yako ya uchungaji, ukakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai kama jirani aliyepita kusalimia. Jeneza nililolitengeneza mimi lilibebwa na vijana wa mtaa. Walipopita mbele yako ulirudisha miguu chini ya kiti wasikukanyage viatu. Kule kwenye migomba, kaburini, hakuna aliyeomba. Watu wote walikutazama wewe, nawe ukaangalia chini. Ma Koku, huyo mwenye dhambi, ndiye aliyeanzisha wimbo, peke yake. Baadaye ndizi zilipopakuliwa ulikula, ukaongezwa, ukala tena.

Ma Koku ananisihi nikusamehe. Sijamwahidi kitu. Nakuchukia, kaka, nasema wazi, na bado msimu wa kukaanga senene ukifika nakuwekea fungu lako kabla sijakumbuka kwamba nakuchukia. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Basi nitakuja. Fremu imekwisha, imelala hapa pembeni nikiandika. Ni mninga, zile mbao alizozikausha Tata darini miaka mingi akituambia hizo ni za jeneza lake, tusiziguse. Jeneza nilipolimaliza nyingine zilibaki, na zimetosha kabisa mlango wako. Nimezipiga randa mpaka zinang'aa. Wageni wako watazisifu.

Nitaisimika kwa namna yake, siijui nyingine. Kwa hiyo siku hiyo utakunja mikono ya shati lako zuri mbele ya wazee wa usharika, uje ushike mguu mmoja, nami sitapiga msumari mpaka ushike. Ukikataa, napakia mbao zangu narudi Rwamishenye, na utasimikwa kwenye kanisa lenye shimo. Ukikubali, kila Jumapili utapita katikati ya mbao za baba yako kwenda madhabahuni, na hakuna kikao kitakachomtoa tena humo.

Salamu kwa wifi na watoto. Kaza mkono, kaka. Jeneza lake hukulishika. Mbao hizi utazishika.

Dada yako,
binti wa fundi